Wanakiita chama "kampuni ya fulana". Tumebakiza watu 8 tutambuliwe, tunawapataje?

KatibuTawi

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua sheria ya kazi ya Tanzania kwa vitendo.

Kiwanda ni cha binafsi, usindikaji wa chakula. Jumla ya watu 168: menejimenti ya juu 9, vibarua wanaolipwa kwa siku 19, na 140 wenye mikataba. Wanachama wa chama chetu cha wafanyakazi waliojaza fomu ni 63. Kwa hesabu yetu tukifika 71 mwajiri atalazimika kututambua, ndipo tukae mezani kwa ajili ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na maslahi. Ada ni 2% ya mshahara wa msingi.

Mwajiri si tatizo kubwa kwa sasa. Tatizo ni maneno ya wenzetu:

"Chama kazi yake fulana na kofia za Mei Mosi, basi."
"Hiyo 2% inakwenda wapi? Mnakata tu."
"Mkipata nyongeza na mimi nitaipata, nijiunge ya nini?"
"Chama kinatetea watoro na wezi."
Wazee wanasema chama ni mkono wa serikali tangu enzi. Vijana wa mikataba ya mwaka mmoja wanaogopa isihuishwe.

Maswali mawili. Hiyo hesabu ya 71 iko sawa? Na haya maneno yanajibiwaje, maana hotuba tumeshazitoa hadi sauti zimekauka.

---

MezaYaUsuluhishi

Mkuu, tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo matawi mengi huangukia na kejeli huzaliana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 67, inataka chama kiwakilishe walio wengi katika kundi la majadiliano, yaani wale ambao chama kitawajadilia. Haisemi walio wengi kiwandani. Wale 9 wa menejimenti ya juu watoe, hawaruhusiwi hata kuwa kwenye chama kinachowakilisha wafanyakazi wa chini yao. Ukiwaweka pembeni na vibarua 19, wanabaki 140, nusu ni 70, kwa hiyo 71. Mpaka hapo mko sawa.

Sasa vibarua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi ikitimia hata dalili moja kati ya kadhaa zilizoorodheshwa. Mojawapo ni kwamba amemfanyia kazi mwajiri yule wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kibarua wa saa 8 kwa siku anazifikisha saa hizo siku ya sita. Mwajiri mjanja hawahesabu hao 19 wakati wa kulipa likizo, ila siku mkidai kutambuliwa anawahesabu wote. Hapo kundi linakuwa 159 na mnahitaji 80. Kwa hiyo hamjabakiza 8. Hesabuni kwamba mmebakiza 17, na wa kwanza kuwafuata wawe hao hao vibarua, ambao kwa kawaida hakuna aliyewahi kuwapa fomu. Kwanza lakini angalieni mikataba yao: kama wameletwa na wakala wa ajira na mwajiri wao kisheria ni huyo wakala, hawamo kwenye hesabu ya kiwanda.

Mkifika, utaratibu ni huu. Mnampa mwajiri notisi kwa maandishi kwamba mnataka kutambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano. Ana siku 30 za kukutana nanyi mfunge makubaliano. Akikaa kimya au mkishindwana, mnapeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa usuluhishi. Ukishindikana huko, ni Mahakama ya Kazi, na mahakama inaweza kuagiza kura ipigwe ili ijulikane nani ana wengi. Sasa jiulize: mtu aliyejaza fomu ili kukuridhisha tu atapiga kura ipi siku hiyo? Ndiyo maana nasema msiende na 71 kamili. Nendeni na 90.

Tena kutambuliwa hakudumu kwenyewe. Mkishuka chini ya nusu, mwajiri anawapa notisi ya miezi 3 mrudishe wingi. Mkishindwa, anaondoa utambuzi.

---

mpigania_haki

Gomeni siku moja tu, mtaona watakavyojiunga wenyewe bila kuombwa. Fomu fomu hizi ndizo zinazotuchelewesha.

---

MezaYaUsuluhishi

@mpigania_haki hapana ndugu yangu, utawafukuzisha watu kazi. Mgomo halali una ngazi zake: uwe mgogoro wa kimaslahi (kudai masharti mapya, si haki ambayo sheria tayari inaitoa), upelekwe CMA, siku 30 za usuluhishi ziishe bila suluhu, kura ipigwe kwa katiba ya chama na walio wengi kati ya waliopiga waunge mkono, kisha notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Hata ukiwa halali, mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku za mgomo. Analokatazwa ni kufukuza watu kwa sababu ya mgomo huo na kuleta watu wengine wa kushika nafasi zenu. Nanyi mnakatazwa kuziba mlango asiingie.

Suala la kutambuliwa lina njia yake mpaka Mahakama ya Kazi, haligomewi. Walimu wenyewe, pamoja na ukubwa wa chama chao, mgomo wao wa 2012 ulitamkwa na Mahakama ya Kazi kuwa si halali, wakaambiwa warudi darasani. Wananchi wengi hapo hawakukumbuka madai ya walimu yalikuwa nini. Walikumbuka kwamba walivunja sheria.

---

DadaPayroll

Naandika nikiwa upande wa ofisi, mtanisamehe. Wafanyakazi wanachokichukia si chama, ni mstari mmoja kwenye slipu ya mshahara. Unasomeka "CHAMA 6,000" na hauna maelezo mengine. PAYE mtu anajua inakwenda TRA, NSSF anaweza kuuliza salio lake. Huo wa chama hauna pa kuuliza. Mtu anayelipwa 300,000 anaiona 6,000 hiyo kila mwezi, 72,000 kwa mwaka, na anachokishika mkononi ni fulana. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Dawa yake ni karatasi, tena moja. Bandikeni karibu na kantini, si ofisini kwa katibu, kila mwezi tarehe ile ile:

Makato ya mwezi huu: wanachama 63, jumla 378,000.
Yaliyofika chama: tarehe fulani.
Yaliyorudi tawini: kiasi.
Yaliyotumika: nauli ya kwenda CMA, kiasi, chai ya mkutano, kiasi.
Baki.
Mashauri yaliyosimamiwa mwezi huu: idadi na yalivyoisha, bila majina.

Mistari sita, basi. Mstari wa chai msiufiche hata kidogo, maana ukikosekana watu ndio wanautafuta.

Huo wa tarehe nao una kazi yake. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri apeleke makato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha ya majina ya waliokatwa. Akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa 5% ya deni kwa kila siku. Kwenu 378,000 ni 18,900 kwa siku. Mara nyingi chama kinatukanwa kwamba kimekula, kumbe pesa bado ziko kwa mwajiri. Ombeni ile orodha kila mwezi mlinganishe na daftari lenu, jina kwa jina. Mtakuta aliyeacha kazi bado anahesabiwa na aliyejiunga miezi miwili iliyopita hajaanza kukatwa.

Na sasa fomu, maana huku kwetu ndiko zinakokwama. Idhini ya makato ni ile fomu ya TUF 6. Zinazorudishwa huwa na kasoro zile zile: jina la kwenye fomu si la kwenye orodha ya mishahara (fomu imeandikwa Mama Zawadi, orodha inasema Rehema Saidi), namba ya mfanyakazi haipo, sahihi haipo, au tarehe imeachwa wazi. Kisha mnazileta tarehe 27 wakati mishahara imeshafungwa, mwezi huo hakatwi mtu, halafu mnasema ofisi inahujumu. Ulizeni mishahara inafungwa tarehe ngapi, mlete siku tano kabla, na mtu asaini kuzipokea kwenye daftari la dispachi.

La mwisho: msizilete mbili mbili. Kwa wale wenye hofu, kusanyeni 17 au 20 zikae, mzikabidhi siku moja. Majina mawili kwenye meza ya meneja yanaonekana sana. Ishirini hayaonekani.

---

Mzee wa Gerezani

Wajukuu, hao wazee wenu hawajakosea sana. Msiwabishie.

Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukashika reli na miji mingine, na watu wa mitaani walikuwa upande wao. Shirikisho la vyama, TFL, likaundwa 1955, na Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake mkuu kabla hajawa waziri mkuu. Chama cha wafanyakazi kilikuwa jambo la heshima. Kilichoharibu ni 1964. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari, viongozi wa vyama wakawekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kwa sheria ya bunge. Katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi yule yule. Yaani anayedai na anayedaiwa wamevaa koti moja. Makato yakawa ya lazima. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Mpaka OTTU, umoja mpya wa vyama vya wafanyakazi, inaanza 1991, kuna mtu ameshafanya kazi miaka 27 akikatwa bila kuulizwa.

Huyo ndiye aliyewafundisha wanawe kwamba chama ni mkono wa serikali. Mwambieni kilichobadilika: siku hizi hakatwi bila sahihi yake, na akitaka kutoka anaandika notisi ya mwezi 1 kwa mwajiri na kwa chama, makato yanasimama. Mwonyesheni njia ya kutokea kabla hamjamwonyesha ya kuingilia. Wengi wakishajua mlango uko wazi hawana haraka nao tena.

---

KatibuTawi

Shikamoo mzee, na ahsante. Dada, ya tarehe 27 imenigusa, ndivyo tunavyofanya hasa.

Bado mawili: "chama kinatetea wezi", na huyu wa "na mimi nitapata". Huyu wa pili ndiye mgumu, maana anasema kweli.

---

DadaPayroll

La wezi naomba nilijibu mimi, kwa sababu hata mameneja wanaliamini.

Linatokana na wawakilishi wanaoingia kwenye kikao cha nidhamu kupiga kelele kwamba "huyu ana watoto wanne". Hiyo si kazi yao. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwakilishi mzuri anauliza mambo manne. Barua ya tuhuma alipewa lini na saa ngapi? Tuhuma imeandikwa kosa gani hasa, la tarehe gani? Shahidi aliyeona yupo, au tunasomewa tu barua ya mlinzi? Mwenyekiti wa kikao ndiye aliyefanya uchunguzi? Kisha anaandika majibu, anasaini, ananyamaza. Kama mtu kaiba kweli na utaratibu umefuatwa, ataondoka, na chama hakijatetea wizi wowote.

Kwa wanachama 63 sheria inawapa wawakilishi 10. Mkizidi 100 wanakuwa 15, na angalau 5 wawakilishe wanawake. Hao 10 wafundisheni maswali hayo manne. Kikao kimoja kilichoendeshwa hivyo kinasimuliwa kiwanda kizima kabla ya saa ya chakula.

---

MezaYaUsuluhishi

Nyongeza ndogo hapo: ukomo wa muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu kufika CMA na fomu namba 1. Migogoro mingine siku 60. Akichelewa lazima aombe kwanza kuongezewa muda kwa fomu namba 2, na aeleze kila siku aliyochelewa. "Chama hakikunisaidia" nyingi ninazozisikia zinaanzia hapa: mtu alikaa miezi miwili akimsubiri meneja abadili moyo, na katibu naye akamwambia asubiri. Andikeni tarehe ya barua ya kuachishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada, kwa kalamu nyekundu.

Na wa mikataba ya mwaka: uanachama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kutohuisha mkataba pale ambapo mtu alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa nako kunahesabika kama kuachishwa. Matarajio yanathibitishwa kwa karatasi: mikataba iliyotangulia, barua, ratiba ya zamu inayopita tarehe ya mwisho wa mkataba. Kila kijana mwambieni atunze nakala nyumbani, isiwe kwenye kabati la kiwandani.

---

Bahari_Kenya

Jambo wakubwa, niko Mombasa. Huku pia ni wingi wa kawaida, kifungu cha 54 cha sheria yetu ya mahusiano ya kazi ya 2007, na makato yanaidhinishwa kwa Fomu S. Kejeli ni zile zile, viongozi wanakaa miaka na miaka, nyuso hazibadiliki.

Lakini hiyo hoja ya "na mimi nitapata" iangalieni kwa makini. Huku chama cha walimu, KNUT, kilishinda kesi dhidi ya mwajiri wao 2019. Mwajiri akafasiri hukumu kwamba masharti mapya ya mshahara hayawahusu wanachama wa KNUT. Kumbe wasio wanachama wakaanza kupata zaidi ya wanachama! Walimu wakatoka kwa maelfu. Mtu haondoki chamani kwa chuki, anaondoka akiisoma payslip yake.

---

MezaYaUsuluhishi

Ahsante kaka wa Mombasa. Ndiyo, KatibuTawi, huyo jamaa wa "na mimi nitapata" anasema kweli: chama kikishatambuliwa, mkataba wa hali bora unawabana na kuwanufaisha hata wasio wanachama walio kwenye kundi lile. Msimdanganye kwamba atakosa. Mkimdanganya, mwezi wa nyongeza ataiona kwenye slipu, na hapo mmekwisha.

Mnachoweza ni ada ya uwakala, kifungu cha 72. Mkishatambuliwa mnaweza kukubaliana na mwajiri kwamba asiye mwanachama achangie gharama za majadiliano. Masharti yake ni makali na mengi hayafuatwi:

Halazimishwi kuwa mwanachama. Kumlazimisha mtu ajiunge ndipo aajiriwe hakuna nguvu ya kisheria.
Kiasi kisizidi ada ya mwanachama.
Pesa ziingie akaunti yake pekee, zisichanganywe na ada.
Zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Haziendi kwa chama cha siasa wala kwa mgombea.

Kosa ninaloliona sana ni sharti la tatu. Tawi linaweka kila kitu kwenye kapu moja, mtu anauliza, hakuna wa kumjibu, neno "wizi" linaanza. Kosa lingine ni kuianza ada hiyo kwa mshtuko: watu wanaamka na mkato ambao hawakuusaini, kwa sababu sheria inaruhusu ukatwe bila idhini ya mtu mmoja mmoja. Ni halali, lakini kwa kiwanda chenye kumbukumbu za NUTA na JUWATA ni sawa na kumwagia petroli. Ushauri wangu ni msiiguse mwaka wa kwanza. Mkija kuiweka, iwe chini ya ada, tuseme 1%, na mtangaze miezi miwili kabla.

Kwa sasa huyo jamaa mpeni hesabu tu. Leo hakuna cha yeye kupata, kwa sababu hamjatambuliwa, na hamjatambuliwa kwa kuwa yeye na wengine 16 wanasubiri. Yeye si abiria anayepanda bure. Gari bado halijawaka.

---

DadaPayroll

Na yule anayeuliza makao makuu wanafanyia nini pesa, msimtetee kiongozi yeyote. Chama kinatakiwa kukaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa kila mwaka, taarifa ziende kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri ifikapo 31 Machi, na mwanachama ana haki ya kuzisoma ofisini kwa chama. Andikeni barua ya tawi kuomba nakala, mbandike karibu na ile karatasi ya kila mwezi. Wasipojibu, bandikeni barua yenyewe yenye muhuri wa kupokelewa. Watu waone kwamba na nyie mnauliza.

---

KatibuTawi

Nimeelewa. Kesho naanza na mbili: kuuliza mishahara inafungwa tarehe ngapi, na kupata orodha ya vibarua na siku walizofanya kazi miezi 3 iliyopita. Hiyo orodha nikinyimwa je?

---

MezaYaUsuluhishi

Usiiombe ofisini kwanza, utawaamsha. Vibarua wenyewe wanasaini au kuweka dole gumba kila jioni wanapolipwa, kwa hiyo kila mmoja anazijua siku zake. Chukua daftari, andika jina, tarehe ya kuanza, siku kwa wiki, msimamizi wake, na asaini mwenyewe. Ukizidisha siku kwa saa, ukapata zaidi ya 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, mpe TUF 6 hapo hapo, na uhakikishe jina ni lile analoitwa siku ya malipo.